Helmeti Chini ya Kitenge

Hässelby, jioni, mwezi wa nane

Mwanangu Atupele,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Mchana huu umekula ndizi za nyama ukaongeza, ukamcheka mama yako alipokuwa akipima sanduku lako kwenye mizani ya bafuni, kisha ukachukua baiskeli ukaenda uwanjani kuwaaga wenzako. Mama yako yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nimebaki mimi na sanduku lililofunguka katikati ya sebule, na jua la huku kama unavyolijua, halina haraka ya kutua. Nimeona niandike sasa. Nikingoja kukwambia kwa mdomo kesho stesheni, treni itaondoka nikiwa bado nasafisha koo.

Mambo ya soksi za sufu, dawa ya mafua na namna ya kupika maharage bila kuunguza sufuria ya watu, mama yako ameyasema yote, na atayarudia kwenye simu kabla treni haijafika Uppsala. Simwingilii kazi yake. Mimi nina jambo moja tu, na wewe unalijua, kwa sababu tangu mwezi uliopita tunapishana nalo ukumbini kama wapangaji waliogombana. Umeacha mpira. Timu ya taifa ya wanawake imekuita ukajaribiwe, wewe umesema asante, unakwenda Umeå kusomea misitu. Nami sijakwambia nenda kwa heri. Nimekusaidia kutafuta chumba, nimekununulia koti, nimekagua breki za baiskeli ambayo huendi nayo, lakini hilo neno lenyewe sijalitoa. Umelingoja kwa adabu, nimekuona.

Acha nianzie mbali kidogo, maana mtu akisoma barua hii bila kujua tulikotoka ataona nilizaliwa na wazimu wa mpira wa Kimarekani.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Kocha Lasse, ambaye wakati huo alikuwa kwetu mwalimu wako wa michezo tu, alikuona ukirusha bonge la theluji kutoka upande mmoja wa uwanja wa shule likampata sikioni mvulana aliyekuwa upande wa pili akikutania. Mwalimu mwingine angekupa adhabu. Yeye alikupa mwaliko wa mazoezi. Ukarudi nyumbani mashavu mekundu, ukasema unataka kucheza ule mpira wenye umbo la papai. Mama yako, mtu wa Uvira, ambaye amepita kwenye mambo mazito kuliko mpira, aliangalia picha zake kwenye kompyuta akashika kifua.

«Baba Atu, hii haiko muchezo, hii ni vita. Batu banavaa casque juu ya kichwa, unasema ni muchezo?»

Mimi nikakuwekea mezani methali nzito: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijawahi kuitumia methali ikiwa na maana iliyo karibu na maneno yake kiasi kile. Ukanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yenu watoto wa huku, kwamba miguu ina vikinga. Nikaona nisibishane. Nikasema nitakusindikiza mazoezini, na moyoni nilikuwa nimepanga kutafuta kasoro moja nzuri ya kukurudisha nayo nyumbani.

Kasoro sikuipata. Nilichopata ni zamu ya kibanda. Sikujua kwamba ukimleta mtoto klabuni nchi hii, umejileta na wewe. Kila familia ina Jumapili yake ya kuuza kahawa na soseji, upende usipende, uwe daktari au fundi wa lifti kama mimi. Ndiyo maana siku ya mechi yako ya kwanza mimi sikuwa nimekaa na watazamaji. Nilikuwa nyuma ya meza, nimevaa aproni ya klabu, na koleo la soseji mkononi.

Ulipewa mpira. Sheria sikuzijua hata moja. Sikujua kwamba kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza na kuamua uende kwa nani, na kwamba kwa sababu hiyo upande wa pili wote kazi yao ni kumwangusha kabla hajaamua. Nilichoona ni wavulana watatu wakubwa wamelala juu ya binti yangu. Kwetu Tukuyu, mtu akiona mwanawe yuko chini ya rundo la watu haulizi kanuni. Sikumbuki kuruka kamba. Nakumbuka tu niko katikati ya uwanja, nimemshika mmoja ukosi kwa mkono huu, koleo liko juu kwa mkono mwingine, na soseji bado imo ndani ya koleo.

Mwamuzi akarusha kitambaa chake cha njano, ambacho sikujua ndiyo ishara ya kosa. Nilidhani ameangusha leso, nikataka kumwokotea. Wewe ukasimama kutoka chini ya lile rundo, mzima kabisa, majani puani, ukasema maneno ambayo sitayasahau.

«Pappa, gå härifrån.»

Kwamba niondoke. Timu yenu ikarudishwa nyuma yadi kumi na tano kwa ajili yangu, na tangu siku hiyo pale klabuni jina langu ni Femton, yaani Kumi na Tano. Jana tu kijana mmoja mwenye ndevu alinipungia mkono kwenye treni ya Kista akinisalimu, «Tjena, Femton,» na wenzangu wa kazini wakataka kujua. Nikawaambia ni cheo.

Nilirudi kibandani nikiwa na aibu ya kutosha mtaa mzima. Lakini ngoja nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia: kabla sijafika mezani, niligeuka kuangalia kama unalia, na nikaona umerusha. Mpira uliondoka mkononi mwako ukapita juu ya vichwa vyote, ukamwangukia mikononi yule mtoto mwembamba aliyekuwa akikimbia peke yake pembeni. Watu wakapiga kelele. Soseji zangu ziliungua zote Jumapili ile kwa sababu sikuziangalia tena.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ugonjwa wangu. Mama yako alipona haraka, yeye aligundua kwamba mandazi yake yanamaliza foleni kabla ya soseji za mzee wa zamu nyingine, akaridhika na ushindi huo. Mimi nilizama. Nilijifunza majina ya mbinu zenu. Nilisimama na wewe uwanja wa nyuma, Februari, kila kitu barafu, nikidaka mipira yako kwa glovu za kazi mpaka vidole vikakosa hisia. Nilimweleza Bibi yako wa Tukuyu mchezo mzima kwa simu, nikatumia kadi nzima ya simu, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

«Kwa hiyo huyo mtoto akishika mpira wote wanamkimbilia wampige?»

«Ndiyo, Mama.»

«Sasa mbona asiuache?»

Nilicheka siku ile. Bibi yako ana tabia ya kusema mambo mapema.

Na tulikuwa na yule Mmarekani wako. Jina lake silitaji humu, mama yako ameshalichoka, na sisi wenyewe tulimwita Bwana Mkubwa. Picha yake ilikaa juu ya kitanda chako muda mrefu kiasi kwamba tulipoibandua juzi ukuta wa chini yake ulikuwa bado mweupe. Mechi zake zilichezwa watu wa huku wamelala, basi sisi tulikuwa tukiziangalia zikiwa zimerekodiwa, Jumatatu alasiri, wewe na uji wako mimi na chai yangu, na ole wake mtu atakayetaja matokeo kabla. Ukanifundisha nisiangalie mpira, niangalie macho yake. «Titta, pappa,» unaniambia, tazama, anaangalia kushoto ili watu wakimbilie kushoto, halafu anarusha kulia. Nikasema huyu mtu angefaa siasa za kwetu.

Siku alipostaafu nilitoka kazini mapema. Uliniambia kwa simu tu kwamba anakwenda kusema leo. Tulikaa kwenye kochi lile lile la sebuleni. Akaja amevaa suti isiyomzoea, akakaa mbele ya vinasa sauti, akafungua mdomo na sauti haikutoka. Jitu zima, lililoangushwa na majitu mengine miaka yote ile likasimama, likashindwa kusema sentensi moja kwa sababu ya machozi. Akanywa maji. Akaanza na watu waliofua jezi. Kisha akawataja mmoja mmoja wale wanaosimama mbele yake kuzuia asifikiwe, ambao watu wa nje hawajui hata majina yao.

Mimi nilikasirika. Nilisema mkono wake bado mzima, mwaka jana tu amerusha vile, anaachaje? Mtu haachi shamba likiwa na mazao.

«Ndiyo maana, Baba,» ukasema. Ulisema kwa Kiswahili, na hiyo peke yake ilitakiwa initie wasiwasi. «Anaondoka anatembea mwenyewe.»

Wiki nzima magazeti yalibishana ameacha nini: vikombe, rekodi, jina. Nikakuuliza wewe unaonaje. Ukafikiri huku unakwangua bakuli la uji. Ukasema ameacha yule msaidizi wake aliyekaa benchi misimu yote akimtazama, ambaye sasa anajua pa kuangalia. Nikasema hilo si jibu, nataka kujua vikombe. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa mwanafunzi mzito.

Basi mwezi wa sita ikaja ile barua ya timu ya taifa. Wewe uliisoma ukaiweka mezani ukaenda kuoga. Mimi niliisoma nikaenda nayo kazini. Kuna jengo Kista ambalo lifti yake nilikuwa nairekebisha, na kila aliyepanda siku ile alifika ghorofani kwake akijua binti yangu ni nani. Nilimwambia mchungaji. Niliwaambia Watanzania wa Sundbyberg, ambao hawajui mpira wenyewe lakini walipiga vigelegele kwa adabu. Nilipiga simu Tukuyu. Nilikuwa nimeshaitumia furaha yote kabla hujaniambia kama ni yako.

Halafu Jumapili ile, baada ya mechi yako ya mwisho. Mlishinda. Ulikaa benchi na helmeti mapajani, unavua utepe wa vidole polepole, nami nikaja na kahawa nikaanza hesabu zangu za majaribio ya taifa, utafika lini, utalala kwa nani. Ukaniangalia.

«Det räcker, pappa.»

Inatosha, Baba. Ukaeleza, kwa upole, kwamba umeupenda mchezo na bado unaupenda, na unataka kuuacha ukiwa unaupenda. Kwamba miti unaipenda zaidi, na kwamba mtu hawezi kuwa msituni huko kaskazini na uwanjani huku. Ukauliza, «Umekasirika?» Nikasema tutaongea nyumbani. Nyumbani tumefika, na kuongea hatujaongea mpaka hivi leo.

Niliwaza mambo mengi ya kijinga. Nilijiambia, mtu katoka Tukuyu, penye miti mpaka mlangoni, kavuka bahari, katafuta maisha, na mtoto wake anapanda treni kwenda kusomea miti. Hili lilinichekesha hata nikiwa nimenuna. Lakini chini ya hilo kulikuwa na jingine, na hilo nimelipata wiki hii tu, nikiwa juu ya kabati natafuta kamba ya kufungia sanduku lako.

Unalijua lile boksi jeusi refu ambalo tangu utotoni unakatazwa kulikalia. Uliwahi kuuliza kuna nini, nikasema tarumbeta la Babu, ukaridhika. Hadithi yake sikukupa.

Babu yako aliongoza bendi ya tarumbeta ya kanisa letu. Mimi nilipiga tangu nikiwa na meno ya utoto, na bila kujisifu, nilipiga. Siku za Pasaka, tunapanda kilima kabla ya jua, mimi ndiye niliyepewa sauti ya kwanza kuwaamsha watu. Kila mtu alijua nitaichukua bendi baada ya mzee. Kisha nikapata nafasi ya chuo Dar es Salaam, na baadaye mafunzo ya huku, nami nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba nataka mitambo, sitaki tarumbeta. Sikumwambia. Niliogopa uso wake. Nilifunga mzigo wangu, na nilipofika Dar nikaufungua, nikakuta ndani, chini ya nguo, tarumbeta.

Nimelibeba tangu wakati huo. Limekaa chini ya kitanda cha chumba cha mafunzo, limekaa stoo ya Sundbyberg tulipooana na mama yako, limehamia nasi hapa Hässelby. Nimelipuliza mara moja tu, na jirani wa chini akaja kuuliza kama kuna ng'ombe amekwama. Na kila nilipompigia simu Babu, mwisho wa maongezi aliuliza, «Unapiga?» Nami nikajibu, «Napiga, Baba.» Mtu mzima, mwenye mke, mwenye mtoto, fundi anayeaminiwa na majengo marefu, najibu napiga.

Sasa sikia ninachotaka kukueleza. Mimi na wewe tumefanya jambo moja, wote tumeacha kitu ambacho baba anakipenda. Lakini wewe ulikaa benchi, ukaniangalia machoni, ukasema. Yule Bwana Mkubwa wako alikaa mbele ya dunia nzima, akasema, sauti ikimkatika. Mimi ndiye niliyetoroka. Na kwa kuwa sikusema, sikuwahi kuacha kweli. Tarumbeta sikulipiga, na wala sikulipumzisha, na Tukuyu bendi ilikaa na nafasi yangu wazi kwa kuwa waliambiwa bado napiga. Hakuna aliyepewa sauti ya kwanza. Walikuwa wananitunzia.

Kwetu kuna desturi ya kusindikiza, na nadhani nimekufundisha vibaya, maana nilikufundisha nusu. Mgeni akiondoka haachwi mlangoni. Unamchukulia mzigo, mnatembea pamoja, mnazungumza yale ambayo hayakusemwa ndani. Hiyo nusu unaijua, ndiyo maana rafiki zako Waswidi hushangaa mama yako akiwafuata mpaka kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Nusu ya pili ni hii: anayesema mwisho wa njia ni mgeni. Yeye ndiye hugeuka akasema, «Rudi sasa, inatosha,» na mwenyeji akishaambiwa hivyo humpa mzigo wake na kurudi. Hasogei hatua nyingine. Akisogea anamletea mgeni taabu. Baba yangu mdogo, mtu wa mapenzi mengi na kichwa kigumu, aliwahi kumsindikiza shemeji yake, akaambiwa rudi, akakataa. Akaenda naye mpaka kijiji cha pili. Shemeji akaona haya kumwacha arudi peke yake, akamsindikiza kurudi. Walipofika nyumbani baba mdogo akaona si heshima, akatoka naye tena. Mwishowe walilala wote wawili kwa mtu wasiyemjua katikati ya njia, na habari hiyo hutolewa kwenye kila harusi ya ukoo mpaka leo.

Wewe uliniambia pale benchi: inatosha, Baba. Mgeni amegeuka, amesema neno lake kwa heshima zote. Nami nikaendelea kutembea na mzigo wako kichwani.

Na hapa ndipo pa kukwambia nilichofanya jana. Ulipokwenda kuoga, nilichukua helmeti yako iliyokuwa juu ya rafu, ile yenye mikwaruzo upande wa kushoto, nikaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya kitenge alichokupa mama yako. Nilijiambia huko Umeå hakukosi timu. Nilijiambia ataiona, atakumbuka, atabadili nia. Mama yako alipopima sanduku akalalamika uzito, nami nikasema ni vitabu vya misitu. Nimekuwekea tarumbeta, Atupele. Nimefanya kilekile, na nilijiona mwerevu.

Nimeacha kalamu hapa kwa muda, nimempigia simu Babu yako.

Alipokea mwenyewe, kwa kile Kinyakyusa chake cha kunguruma, akauliza watoto, akauliza baridi, ingawa ni mwezi wa nane. Kisha akafika palepale.

«Unapiga?»

Nikasema, «Sipigi, Baba. Sijapiga tangu nilipotoka nyumbani. Niliacha.»

Nikasikia kuku wa kwao.

«Najua,» akasema. «Mpiga tarumbeta hasemi napiga. Hulalamika midomo. Wewe hujalalamika hata siku moja.»

«Mbona ulikuwa ukiniuliza?»

«Nilikuwa nangoja uniage.»

Mwanangu, nilikaa hapa jikoni kama yule Bwana Mkubwa na maji yake. Nikamuuliza kwa nini aliliweka kwenye mzigo wangu. Akasema alidhani nikiwa nalo nitarudi. Kisha, kwa kuwa yeye si mtu wa kukaa kwenye huzuni, akaniambia kuna binti wa jirani ana pumzi za ajabu na anapigia tarumbeta bovu linalovuja, kwa hiyo nisiendelee kupoteza muda, nilipeleke. Mchungaji wetu wa huku anasafiri kwenda nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Litakwenda naye.

Nilipoweka simu nilikwenda sebuleni, nikainua kitenge, nikaitoa helmeti. Sasa iko hapa mezani mbele yangu, inaniangalia ninavyoandika. Pale ilipokuwa palibaki shimo la mviringo katikati ya nguo zako. Nikatafuta cha kuweka. Unajua kinachoingia pale bila kusukuma? Ile sufuria ndogo ya ugali. Imekaa kana kwamba shimo lilichimbwa kwa ajili yake, nikaupitisha na mwiko pembeni. Mama yako akipima tena asubuhi uzito utakuwa uleule, tafadhali usimwambie kitu.

Helmeti hii, ukiniruhusu, nitaipeleka klabuni. Sitaitundika ukutani. Jumapili ijayo ni zamu yetu ya kibanda, na ingawa mtoto wangu hachezi tena nimemwambia Lasse zamu yangu isifutwe, nani mwingine atawauzia mandazi? Nitauliza kwotabeki mpya ni nani. Nitampa helmeti kwa mikono miwili kama inavyopaswa, nitamwambia ni ya nani, na akiangushwa nitabaki nyuma ya meza. Nitajitahidi kubaki nyuma ya meza.

Uliniuliza kama nimekasirika. Nilikuwa na huzuni, nikaivalisha hasira kwa sababu hasira ina heshima zaidi kwa mwanamume wa umri wangu. Nilidhani ukiacha mpira hatutakuwa tena na Jumatatu zetu, wewe na uji na mimi na chai. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia, si timu ya taifa. Sasa nimeshasema, na naona bado napumua. Jumatatu alasiri nitakupigia simu. Utanieleza miti. Nitauliza maswali ya kijinga kama mwanzo, na wewe utanifundisha pa kuangalia.

Nenda kwa heri, mwanangu. Nenda kabisa, na mikono yako yote miwili mitupu isipokuwa kwa unachokitaka mwenyewe. Ulikuwa kwotabeki mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea Hässelby, na unaondoka unatembea mwenyewe.

Nasikia baiskeli yako chini. Namalizia haraka.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka stesheni kuu, mpaka jukwaani, mpaka mlango wa behewa. Pale utageuka, utaniambia kwa Kiswahili chetu, «Rudi sasa, Baba, inatosha.» Nami nitakupa mzigo wako na kugeuka. Lakini wewe unanijua mimi ni Femton. Kwa hiyo nimekutilia kwenye mfuko wa kulia wa koti kitambaa cha jikoni, kile cha njano. Ukiona nimeanza kupanda ngazi za treni, nirushie.

Baba yako